Niki Lauda: dereva aliyesoma karatasi kabla ya kutia sahihi

Siku moja ya yenga, kisha kazi ya usiku, vijana watatu wa shantye walikuja kwangu na filamu. Ni ile inaitwa Rush, ya mwaka 2013, inayoonyesha mashindano ya motokari za Formula 1 ya mwaka 1976, kati ya Niki Lauda wa Austria na James Hunt wa Uingereza. Tuliangalia yote: ajali, moto, hospitali, mvua ya Japani. Majina ya wacheza filamu yalipoanza kupita, kijana mmoja akaniuliza:

– Papa delege, kisha pale huyu mzungu alikufaka?

– Hapana. Alikufa 2019, akiwa na miaka 70. Ile munaona pale ni nusu tu. Nusu ingine njo inatuhusu sisi.

Wakacheka. Wakaniambia: milionea wa Ulaya na sisi watu wa kaske na vumbi, tunahusiana wapi? Nikawaahidi kwamba nitaandika. Ahadi ni deni, na leo ninalipa.

Yale yaliyotangulia

Kwa yule ambaye hakuona filamu, nieleze kwa ufupi. Niki Lauda alizaliwa Vienna, tarehe 22 Februari 1949, katika jamaa ya watu wenye viwanda vya karatasi. Kwao hawakutaka aendeshe motokari za mashindano. Basi akaenda benki, akachukua mkopo, akajinunulia nafasi. Mwaka 1974 aliingia katika ekipe ya Ferrari, na 1975 akawa bingwa wa dunia.

Tarehe 1 Agosti 1976 walikuwa Nürburgring, Ujerumani. Njia ile ilikuwa na urefu wa karibu kilometa 23 ndani ya msitu, na watu wa kuzima moto hawangeweza kuwa kila mahali. Lauda alikuwa amewaomba madereva wenzake wakatae kukimbia pale. Wakapiga kura, upande wake ukashindwa, wakakimbia. Katika mzunguko wa pili gari lake likagonga ukingo likawaka. Waliomtoa hawakuwa wazima-moto: ni madereva wenzake wanne waliosimamisha magari yao na kuingia katika moto. Uso uliungua, mapafu yalivuta moshi wa sumu, padri akaitwa kumpa sakramenti ya wagonjwa.

Ndugu zangu wa sendika, mliona ile? Yule aliyesema "hapa kuna hatari" njo aliyeungua. Sisi tunaijua hadithi hii bila kwenda Ulaya.

Siku 42 kisha ajali, alirudi kukimbia Monza, Italia, na bandeji zenye damu chini ya kaske. Alimaliza wa 4. Na mwezi wa kumi, Fuji, Japani, ambako ubingwa ulipaswa kukatwa, mvua ilinyesha hata mtu haoni mbele. Lauda alizunguka mara mbili, akasimama, akashuka. Mkubwa wa mafundi wa Ferrari akamwambia: tutasema moteri imeharibika. Lauda akakataa. Akasema wazi kwamba amesimama juu ya mvua, kwa sababu uhai wake una bei kuliko ubingwa. Hunt akachukua ubingwa kwa pointi moja, 69 kwa 68.

Filamu inafungwa karibu na hapo. Watu wanarudi nyumbani wakikumbuka moto. Mimi ninakumbuka zaidi ile kukataa uongo wa moteri, kwa sababu mtu aliyeweza kusema neno lile mwaka 1976 njo tunayemkuta tena mbele, mara mbili, katika mambo makubwa zaidi.

Anaondoka, anarudi

Mwaka 1977 Lauda alichukua tena ubingwa na Ferrari, na mwaka haujaisha akawaacha. Alikwenda ekipe ya Brabham. Septemba 1979, huko Montreal, Kanada, katikati ya mazoezi, alizima gari akasema imetosha, amechoka kuzunguka-zunguka. Alikuwa na miaka 30. Alikuwa ameanzisha kampani ya ndege, Lauda Air, na yeye mwenyewe alisomea urubani akapata lisansi ya kurusha ndege kubwa.

Lakini kampani changa ya ndege ni mdomo usiofungwa: inakula kila siku. Na mwanamichezo ambaye bado ana nguvu, rohoni hatulii. Mwaka 1982 akarudi katika mashindano, safari hii na ekipe ya McLaren. Mashindano ya kwanza yalikuwa Kyalami, karibu na Johannesburg, Afrika ya Kusini, tarehe 23 Januari 1982. Na pale, mbele ya kukanyaga gari hata siku moja ya kazi, alifanya jambo ambalo mimi ninalifundisha kwa kila delege mpya.

Karatasi

Wakubwa wa mchezo walikuwa wamewatumia madereva fomu mpya ya lisansi. Asiyetia sahihi hakimbii. Wengi walikuwa wametia sahihi bila kusoma. Ni karatasi tu, kama zile zingine, na nani anapenda kusoma maandiko madogo-madogo?

Lauda alikuwa amekaa nje miaka miwili, akifanya kazi ya kampani, akisoma kontra za ndege na za benki. Jicho lake lilikuwa limezoea. Alisoma fomu nzima. Akaona kwamba inamfunga dereva kwa ekipe yake, asiweze kuhama kwa uhuru, na kwamba inamwapisha asifanye lolote linaloweza kuharibu faida au jina la mchezo. Tafsiri yake: ukisema njia hii ni ya hatari, unaweza kuadhibiwa. Mtu aliyeungua Nürburgring hawezi kutia sahihi karatasi kama ile.

Hakusema peke yake. Alimwita Didier Pironi, Mfaransa, aliyekuwa mkubwa wa chama cha madereva, wakapanga. Alhamisi asubuhi, tarehe 21 Januari, madereva walipofika mlangoni pa Kyalami walikuta basi limesimama. Mmoja-mmoja wakaombwa kupanda. Pironi akabaki kwenye njia kuongea na wakubwa, akina Jean-Marie Balestre, rais wa shirikisho la mchezo. Basi likaondoka na wengine wote, isipokuwa Jochen Mass wa Ujerumani ambaye hakupanda, likaenda hoteli moja ya Johannesburg.

Mgomo, ile tunaita grevi. Ya kweli kabisa, na watu wenye majina: Villeneuve, Prost, Piquet, Rosberg, Lauda.

Chumba kimoja

Mapatro wa maekipe walikasirika. Walitishia kuwafukuza wote na kutafuta madereva wengine. Na katika hoteli kulikuwa na vijana ambao ule ulikuwa mwaka wao wa kwanza au wa pili. Villeneuve na Lauda hawawezi kukosa kazi, lakini kijana wa ekipe ndogo, akifukuzwa, maisha yake ya mchezo yamekwisha. Katika kila mgomo hawa njo wanavunjika kwanza, si kwa ubaya, ni kwa hofu.

Lauda alilijua jambo hili. Hakuacha kila mtu aende kulala katika chumba chake. Waliomba chumba kikubwa kimoja, wakatandika magodoro chini, wakalala wote pamoja, matajiri na wadogo. Kwa nini? Sababu mtu akiwa peke yake chumbani, simu inalia, ni patro: "Wewe una akili, wale wengine wanakudanganya, njoo asubuhi, tutakuongeza." Mtu akiwa peke yake anajibu ndiyo. Akiwa na wenzake kumi na tano kando yake, anajibu: ngoja kwanza.

Kulikuwa na piano katika chumba kile. Elio de Angelis wa Italia, aliyejua muziki wa kweli, akapiga. Villeneuve naye akapiga. Wakaimba, wakacheka. Mapatro walipokuja kutaka kuingia kwa nguvu, piano ilisukumwa ikafunga mlango! Mimi niliposoma habari ile nilicheka peke yangu kama mjinga. Nimekwisha kuona mlango ukifungwa na meza, na makabati ya ofisi, na pine ya bene. Piano, bado.

Mmoja tu aliwatoroka usiku ule: Teo Fabi, kijana wa Italia, alitoka akisema anaenda msalani, hakurudi. Wengine walibaki mpaka asubuhi.

Ijumaa Pironi akaleta habari kwamba kuna mapatano, wakarudi kukimbia. Jumamosi Alain Prost alishinda. Lauda, kisha miaka miwili bila mashindano, alikuwa wa 4. Haikuishia pale: mashindano yalipomalizika, wakubwa walisahau maneno yao, wakatangaza kuwasimamisha madereva na kuwatoza faini. Madereva wakakata rufaa, adhabu ikapunguzwa, na masharti ya ile fomu yakaja kubadilishwa. Ni hivyo hivyo kila mahali: mgomo unakwisha siku moja, lakini kufuatilia mapatano kunachukua miezi. Sendika ambayo inarudi nyumbani siku ya mapatano imeshinda nusu tu.

Sasa tuseme kweli yote, tusiwafanye mashujaa bure. Wale walikuwa watu wenye pesa, Wazungu, katika hoteli ya Johannesburg, wakati wa ubaguzi wa rangi. Si mbali na pale, wafanyakazi weusi wa migodi ya dhahabu walikuwa wanalala katika mabweni ya kampani, mbali na wake na watoto, na hakuna mwenye kuwapigia piano. Mwaka ule ule wa 1982 njo ilizaliwa National Union of Mineworkers, sendika ya wachimbaji, na katibu wake mkuu wa kwanza alikuwa Cyril Ramaphosa. Mwaka 1987 walifanya mgomo wa wiki tatu, na maelfu kwa maelfu walifukuzwa kazi. Na sisi wa hapa Lubumbashi tuna tarehe yetu: 9 Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa wameomba nyongeza ya mshahara walipigwa risasi uwanjani. Hakuna mizani ya kupima usiku mmoja wa hoteli na damu ile.

Lakini dawa ni ile ile kwa tajiri na kwa maskini: soma karatasi, ita wenzako, laleni chumba kimoja. Kama hata watu wenye pesa vile hawakuweza kushinda mmoja-mmoja, wewe wa shantye, wa kontra ya miezi mitatu, utashinda namna gani peke yako?

Nusu pointi

Mashindano ya tatu kisha kurudi kwake, kule Long Beach, Marekani, Lauda alishinda. Waliosema amezeeka wakanyamaza. Lakini jambo kubwa lilikuja 1984.

Mwaka ule McLaren ilikuwa na gari zuri kuliko yote, na ndani ya ekipe hiyo Lauda alipata mwenzake: Alain Prost, kijana, mwepesi kuliko yeye. Lauda aliliona hilo, hakujidanganya. Siku ya kupanga nafasi za kuanzia, Prost alikuwa anamwacha. Mwaka mzima Lauda hakuanza hata mara moja katika nafasi ya kwanza. Basi akaacha kupigania siku ya kupanga nafasi, akatia akili yote katika siku yenyewe: kutunza pine, kutunza moteri, kutobomoa gari, kufika mwisho.

Nyumbani kwao Austria mwaka ule vitesi moja ilivunjika akiwa mbele. Alikuwa tayari kuacha, kisha akapata vitesi ingine inayoshika, akaendelea polepole. Nelson Piquet aliyekuwa nyuma hakujua. Alifikiri mzee anapumzika kwa sababu ana nafasi. Lauda akashinda.

Mashindano ya mwisho yalikuwa Estoril, Ureno, tarehe 21 Oktoba 1984. Prost alishinda, na ulikuwa ushindi wake wa 7 mwaka ule. Lauda alikuwa na 5 tu. Lakini Lauda, aliyeanza wa 11, alipanda mmoja-mmoja mpaka wa 2. Wakahesabu: Lauda 72, Prost 71 na nusu.

Ile nusu ilitoka wapi? Kule Monaco, mwezi wa sita, mvua ilikuwa kali na mashindano yakasimamishwa mapema. Prost alikuwa wa kwanza, lakini sheria ikampa nusu ya pointi tu, 4 na nusu mahali pa 9. Mvua ilimnyima Lauda ubingwa 1976, mvua ikamrudishia 1984. Mimi si mtu wa kuona ishara kila mahali, lakini hesabu ile ninaipenda.

Mwaka 1985 alishinda mara moja tu, Zandvoort, Uholanzi. Ulikuwa ushindi wake wa 25 na wa mwisho. Mwisho wa mwaka akaacha kwa kweli, na mabingwa matatu mkononi: 1975, 1977, 1984.

Ndege

Sasa ninafika mahali ambapo huwa sicheki.

Usiku wa tarehe 26 Mei 1991, ndege ya Lauda Air, Boeing 767, iliondoka Bangkok, Tailandi, kwenda Vienna. Dakika karibu 15 kisha kupaa, ilivunjika hewani ikaanguka msituni. Watu 223 wakafa wote: abiria 213 na wafanyakazi 10.

Lauda alikuwa patro. Jina lake lilikuwa limeandikwa ubavuni mwa ndege. Alifika mwenyewe Tailandi, akatembea katikati ya vyuma na maiti msituni. Baadaye alirudi kwa maziko ya wale ambao hawakuweza kutambulikana. Na alisema tangu mwanzo: ikionekana ni kosa la kampani yangu, ninaifunga.

Kwa nini ndege ilianguka? Kila moteri ya ndege ile ina kifaa kinachogeuza mkondo wa hewa kuelekea mbele. Kazi yake ni kusaidia freni ndege ikiwa imekwisha kutua. Hewani hakipaswi kufunguka kamwe. Usiku ule, cha moteri ya kushoto kilifunguka ndege ikiwa inapanda kwa kasi. Kile chombo kinachoandika mwendo wa ndege kiliharibika katika moto, lakini chombo cha sauti kilibaki. Kikaonyesha kwamba marubani waliona taa ya onyo, wakafungua kitabu cha mashini, wakakisoma kama walivyofundishwa. Kitabu hakikuwaambia watue. Wakaendelea na safari. Dakika chache kisha, kifaa kikafunguka.

Yaani walitii. Walifanya vile karatasi ya mashini ilivyosema, na wakafa.

Lauda alikwenda Uingereza, akaingia katika mashini ya mazoezi ya marubani, akajaribu hali ile tena na tena. Kila mara ndege ilianguka. Akajua kwamba hakuna rubani angeiokoa. Lakini Boeing haikuwa imesema neno hilo hadharani, na jamaa za marubani na za abiria walikuwa wanangoja. Lauda alisimulia baadaye namna alivyowaendea Marekani, akawaambia: basi tuchukueni ndege kama ile, mimi na marubani wenu wawili, tupande, tufungue kifaa hewani. Kama mnasema inawezekana kuiongoza, twendeni. Wakamjibu haiwezekani. Akawaambia: kama haiwezekani, andikeni. Wakaandika.

Mnaona tena kule Fuji? Miaka 15 ilikuwa imepita. Kule walitaka kusema ni moteri, na haikuwa moteri, akakataa. Huku ilikuwa mashini kweli, na hakuna aliyetaka kusema ni mashini, akakataa tena. Kisha hapo, vifaa vile viliongezewa kufuli nyingine katika ndege za aina ile, ili visiweze kufunguka hewani. Mtu anayepanda ndege leo hajui jina la kufuli hiyo, na hajui imelipiwa na watu 223.

Patro ni patro

Sitamaliza bila kusema na upande mwingine. Niki Lauda hakuwa mtu wa sendika. Alipokuwa na kampani zake, Lauda Air, kisha Niki aliyoianzisha 2003, kisha Laudamotion, alibana matumizi sana, na masendika ya kwao Austria walishindana naye juu ya masharti ya wafanyakazi. Yule aliyelala chini na wenzake Johannesburg, alipokaa kwenye kiti cha patro alisema kama mapatro. Kiti kinabadilisha sauti. Tusishangae, tumeona madelege wetu wakipewa ofisi na gari, wiki mbili tu wamesahau njia ya kantini.

Mwaka 2012 alirudi katika Formula 1 kama mkubwa wa baraza la ekipe ya Mercedes, mwenye sehemu yake ya asilimia 10. Alisaidia kumleta Lewis Hamilton, na kuanzia 2014 ekipe ile ilibeba mabingwa mwaka kwa mwaka. Kila mara ulimwona na kofia yake nyekundu, ile iliyofunika makovu tangu 1976.

Mwili wake ulikuwa umelipa. Mwaka 1997 alipandikizwa figo ya kaka yake. 2005 figo ingine, ya mwanamke aliyekuja kuwa mke wake. Agosti 2018 alipandikizwa mapafu. Alikufa Zürich, Uswisi, tarehe 20 Mei 2019.

Kwetu

Nimalizie na jambo la hapa. Ni miaka kadhaa sasa, katika kampani moja ambayo jina ninaliacha. Shofere mmoja wa bene alinifuata mbele ya kazi ya usiku:

– Papa delege, hii bene freni yake haishike. Miye siwezi kushuka nayo mu shimo.

Aliandika katika kitabu cha gari, akatia tarehe na saa. Mkubwa wa kazi akamwambia ni mwoga, akampa barua ya kuomba maelezo, akamtuma nyumbani. Bene ikapewa shofere mwingine, kijana wa kontra fupi, ambaye alikuwa na mtoto wa wiki mbili na hakuweza kusema hapana. Ilishuka, haikusimama. Kijana aliokoka, mguu wake hapana.

Raporti ya kwanza ilisema: kosa la shofere. Neno moja tu, na kwa neno lile jamaa yake ilikuwa inapoteza sehemu ya haki yake. Tulikwenda kutafuta kitabu cha gari. Tuliambiwa kimepotea. Lakini yule shofere wa kwanza alikuwa amepiga picha ya ukurasa na simu yake, na saa ilikuwa inasomeka. Tuliweka picha ile juu ya meza, mbele ya mkaguzi wa kazi. Raporti ya pili iliandika: freni.

Ile picha njo kitu kimoja na lile neno la Lauda: andikeni.

Basi kwa vijana wangu watatu wa filamu, na kwa wengine, jibu langu ni hili. Kabla ya kutia sahihi kontra, isome, na kama Kifaransa chake ni kigumu, lete kwa delege, tusome pamoja, hata saa ya usiku. Mashini ikiwa mbovu, iandike, na ubaki na kopi. Mwenzako akikataa kushuka, usikubali kupanda katika nafasi yake, hata ukiahidiwa nyongeza. Nendeni wawili, nendeni kumi, mlale chumba kimoja. Na mtu akifa, tusiruhusu aandikwe mkosaji mbele ya mashini kuangaliwa, kwa sababu maiti hawezi kuandika maelezo.

Yule shofere wa kwanza angali anaendesha bene. Kila asubuhi anaanza na freni, anakanyaga mara tatu akiwa amesimama, kisha anachukua kalamu.